Vipete vya Shaba: Namna ya Kujitengenezea Viungo vya Mapambo na Kulinda Umoja wa Kikundi



Tunaandika kutoka Kikula, mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga. Katika toleo hili tunapenda kuwaeleza kazi ndogo ya mikono ambayo kikundi chochote cha akina mama au vijana kinaweza kuianza kwa vifaa vichache. Ni kazi ya kutengeneza vipete vya kuunganishia mapambo. Kipete ni kile kiduara kidogo cha waya kinachoshika kito kwenye mkufu, au kinachounganisha hereni na ndoano yake. Mnunuzi hakitazami. Lakini kipete kikifunguka, kito kinaanguka, na kazi yote ya siku mbili inapotea.

Hatukuanza kazi hii kwa kupenda ufundi tu. Tulianza kwa sababu vipete vilikuwa vimetugombanisha.

MIKUFU ILIYORUDI

Kikundi tunachofanya nacho kazi kina watu wa asili mbalimbali. Baadhi yao ni wa makabila ya hapa Katanga. Wengine babu zao walitoka Kasai miaka mingi iliyopita, wakaja kufanya kazi migodini na kwenye reli. Wote pamoja wanasugua malakiti, lile jiwe la kijani linalotoka katika ardhi yenye shaba, na kulitengenezea mikufu, bangili na hereni. Vipete walikuwa wakivinunua sokoni, vya bei ndogo, vinavyong'aa kama fedha.

Siku moja mikufu sita ilirudishwa. Vito vilikuwa vimeanguka na mnunuzi alidai pesa zake. Kabla ya mtu yeyote kuitazama mikufu yenyewe, sauti moja ilisikika ikisema chinichini: "Ni bale tu. Kila siku ni bale." Kila aliyekuwapo alielewa "bale" ni akina nani. Mama mmoja alikunja kitenge chake, akachukua mfuko wake, akaenda nyumbani bila kuaga.

Katika mji mwingine maneno hayo yangeonekana madogo. Likasi si madogo. Mwezi wa Agosti 1992, baada ya Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa kumchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, siasa ya wakubwa iliingia katika mitaa yetu. Familia zenye asili ya Kasai zilishambuliwa na kufukuzwa majumbani mwao. Maelfu ya watu walikimbilia kituo cha reli na mashuleni, wakingoja treni za kuwapeleka Kasai, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kuishi. Wako waliofariki kwa magonjwa na njaa wakati wa kungoja na wakiwa safarini. Baadaye wengine walirudi. Leo majirani wanakaa tena pamoja, lakini neno moja linatosha kufungua kidonda.

Kijana mmoja wa kikundi ndiye aliyetusaidia. Alichukua sumaku kutoka katika spika ya redio iliyokufa, akaisogeza karibu na kipete kilichofunguka. Kipete kikanata. Hakikuwa fedha wala shaba. Kilikuwa chuma chembamba kilichopakwa rangi ya kung'aa. Tena ncha zake zilikuwa zimekatwa upande upande, na katikati yake palikuwa na mwanya ambao uzi ulipita bila shida. Tulikagua mikufu yote sita. Iliyofungwa na "bale" na iliyofungwa na wengine ilikuwa na kasoro ileile. Kosa lilikuwa katika kipete, si katika kabila la mkono uliokifunga.

Wazee wawili walikwenda nyumbani kwa yule mama kumwomba msamaha. Alirudi baada ya wiki moja. Alipofika alisema jambo moja tu: kwamba hatakubali tena kulaumiwa kwa kitu ambacho hakuna mtu anayejua kimetengenezwa namna gani. Ndipo tulipoamua kutengeneza vipete vyetu wenyewe.

MJI WA SHABA UNAONUNUA VIPETE

Inashangaza kwamba watu wa Likasi wanunue viungo vya chuma kutoka mbali. Shaba ya Katanga ilijulikana karne nyingi kabla ya wakoloni. Misalaba midogo ya shaba imepatikana katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, nayo ilitumika kama mali ya kubadilishana. Katika karne ya 19, Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi katika Tanzania ya leo, alijenga ufalme wake Bunkeya, na mafundi wa Kiyeke walijua kuvuta shaba mpaka ikawa waya mwembamba wa kuzungushia bangili. Kwa hiyo ufundi wa waya si mgeni kwetu.

Mji wetu wenyewe ulikua kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilifungua kiwanda cha kusafishia shaba cha Shituru mwaka 1929. Mji ukaitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, ulipopewa jina la Likasi. Baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967 ikaja Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliachishwa kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Familia nyingi za Likasi zilipaswa kutafuta njia nyingine ya kuishi, na kazi za mikono ni mojawapo.

Tunaeleza haya kwa sababu moja. Kazi inapopungua, watu hutafuta mtu wa kumlaumu. Kikundi kinachotaka kuishi kwa amani lazima kijue kutafuta sababu ya kweli ya hasara, na kiwe na namna ya kuipima.

SWALI LA KWANZA: WAYA UMETOKA WAPI?

Kabla ya kushika koleo, kikundi kikubaliane juu ya waya. Wizi wa nyaya za umeme unajulikana sana katika nchi yetu na katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Waya ukikatwa, mtaa mzima unaingia gizani, pampu ya maji inasimama, zahanati inakosa mwanga. Kikundi kinachonunua waya ule, hata kama hakikuuiba, kinawalipa walioukata. Tena polisi wakija, hawatauliza nani kati yenu alijua na nani hakujua.

Sisi tulipatana juu ya mambo manne:

- Waya mpya ununuliwe kwenye duka la vifaa vya umeme, na risiti ihifadhiwe katika daftari la kikundi.
- Mabaki ya waya yakitoka kwa fundi umeme, yaandikwe: tarehe, uzito, jina la fundi na nyumba aliyofanyia kazi.
- Waya mnene wenye nyuzi nyingi zilizosokotwa, uliochomwa ganda, unaoletwa usiku kwa nusu ya bei, usipokelewe.
- Mwanakikundi yeyote ana haki ya kuuliza waya umetoka wapi, na anayeulizwa asikasirike.

Jambo la nne ndilo gumu kuliko yote. Tulifanya mazoezi ya kuulizana mbele ya wote mpaka swali likawa la kawaida, kama kuuliza saa.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

- Waya wa shaba ulio mzima, yaani uzi mmoja usio wa kusokotwa. Waya wenye unene wa milimita 1 unafaa kwa mikufu na hereni. Waya wa umeme wa majumbani unaouzwa kama 1.5 una unene wa karibu milimita 1.4, nao unafaa kwa bangili na vito vizito.
- Misumari laini au vyuma vya duara vyenye milimita 4, 5 na 6. Kata kichwa cha msumari na usugue ncha kwa tupa.
- Koleo mbili zenye mdomo bapa usio na meno. Kama zina meno, zifungeni kitambaa chembamba ili zisikwaruze shaba.
- Msumeno mwembamba wa sonara. Ukikosekana, tumieni koleo kali ya kukatia waya.
- Tupa ndogo, msasa laini, rula, na ubao wenye ufa wa kushikilia springi.
- Jiliwa, au msumari imara uliopigwa kwenye nguzo.
- Limau, chumvi, maji safi na kitambaa kikavu.
- Miwani ya kukinga macho.

HESABU KABLA YA KUKATA

Watu wengi wanaharibu waya kwa kukisia. Hesabu yenyewe si ngumu.

Kwanza, jueni unene wa waya. Zungusheni waya mara 10 juu ya msumari, mizunguko ikigusana, halafu pimeni urefu wa mizunguko hiyo kwa rula. Ikiwa ni milimita 10, waya una milimita 1. Ikiwa ni milimita 14, waya una milimita 1.4.

Pili, jueni unene wa msumari. Zungushieni ukanda wa karatasi, wekeni alama mahali karatasi inapokutana, pimeni urefu huo na kuugawa kwa 3.14.

Tatu, chagueni msumari ulio mnene mara 3 hadi 5 kuliko waya. Kipete kikubwa cha waya mwembamba hufunguka upesi. Kipete kidogo cha waya mnene ni kigumu kufunga na hakina nafasi ya kupitisha kiungo kingine.

Nne, tafuteni urefu wa waya kwa kipete kimoja. Jumlisheni unene wa msumari na unene wa waya, kisha zidisheni kwa 3.14. Mfano: msumari wa milimita 4 na waya wa milimita 1 ni 5. Mara 3.14 ni milimita 15.7. Mita moja ingetoa vipete 63, lakini kuna ncha zinazopotea, hivyo hesabuni 60. Kwa msumari wa milimita 6 na waya wa milimita 1.4, kila kipete kinachukua milimita 23, na mita moja inatoa kama vipete 40.

Kilo moja ya waya wa milimita 1 ina urefu wa karibu mita 142. Maana yake kilo moja inaweza kutoa vipete zaidi ya 8,000. Kikundi kidogo hakihitaji kununua waya mwingi, na hakina haja ya kumbembeleza mwenye waya usiojulikana.

HATUA ZA KAZI

1. Kuandaa waya. Toeni ganda la plastiki kwa kisu, mkikata kuelekea mbali na mwili. Waya wa kuzungushia mota una rangi ya kuzuia umeme. Isugueni kwa msasa mpaka shaba ionekane. Kama waya ni wa zamani na umekunjwakunjwa, uwekeni kwanza juu ya mbabula yenye makaa mekundu. Ukifika wekundu hafifu unaoonekana kivulini, uchovyeni majini. Shaba haigeuki kuwa ngumu ikichovywa kama kisu cha chuma, inakuwa laini. Kisha uosheni kwa limau na chumvi mpaka uwe mwekundu safi, na msuuze vizuri.

2. Kuvuta waya. Shikeni ncha moja kwenye jiliwa na ncha nyingine kwa koleo. Vuteni polepole mpaka msikie waya unarefuka kidogo tu. Unanyooka, na pia unakuwa mgumu. Msiruke hatua hii. Waya mpya wa umeme ni laini sana, na kipete cha waya laini hufunguka kama cha karatasi.

3. Kuzungusha. Kunjeni ncha ya waya ili ishike juu ya msumari. Mtu mmoja ashike msumari na kuuzungusha, mwingine aongoze waya kwa kuubana kwa kidole gumba na kitambaa. Kila mzunguko uguse mwenzake. Mizunguko 25 hadi 30 inatosha kwa mara moja. Mkiachia, springi inatanuka kidogo. Hiyo ni kawaida.

4. Kukata kwa msumeno. Toeni springi kwenye msumari, izungushieni karatasi ya gundi ili vipete visitawanyike, na iwekeni kwenye ufa wa ubao. Pakeni msumeno nta ya mshumaa. Kateni upande mmoja tu, kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Kila mzunguko ukikatika unakuwa kipete kimoja, na ncha zake mbili ni bapa.

5. Kukata kwa koleo, kama hakuna msumeno. Koleo ya kukatia ina upande mmoja unaoacha ncha bapa na upande mwingine unaoacha ncha iliyochongoka. Kwa hiyo kila kipete kinahitaji mikato miwili: kateni, geuzeni koleo, kisha kateni tena kidogo ili ncha ya pili nayo iwe bapa. Njia hii inapoteza waya zaidi, lakini mwanya unazibika.

6. Kulainisha. Wekeni vipete ndani ya kopo lenye majivu laini na maji ya sabuni. Funikeni na kutikisa kwa dakika 10. Makali yaliyobaki yaondoeni kwa tupa. Osheni, kausheni, na tungeni vipete 100 kwa kila uzi ili kuhesabu kuwe rahisi.

KUFUNGA BILA MWANYA

Hapa ndipo mikufu yetu sita iliharibikia. Usifungue kipete kwa kuvuta ncha zake kuelekea kushoto na kulia. Ukifanya hivyo umbo la duara linapotea na halirudi.

Shika kila upande wa mwanya kwa koleo moja. Sogeza mkono mmoja mbele, mwingine nyuma, kama mtu anayefungua mlango. Pitisha kito. Halafu rudisha kwa njia ileile, ukipitiliza kidogo huku ukibana ncha ndani, kisha rudisha tena. Ncha zinapokutana zitakwaruzana, na utasikia mlio mdogo. Mlio huo ndio dalili nzuri.

Baada ya hapo fanyeni majaribio matatu:

- Mwanga: inueni kipete kuelekea dirishani. Mwanga usipite kwenye kiungo.
- Uzi: pitisheni uzi mwembamba juu ya kiungo. Usinase.
- Uzito: katika kila vipete 100, chagueni 5 na mning'inize chupa ya maji ya nusu lita kwa kila kimoja, mkihesabu mpaka 60. Kipete cha milimita 1 kilichovutwa vizuri kinavumilia. Kilichotengenezwa kwa waya laini kitaanza kufunguka. Kama kimoja kimefunguka, rudini kukagua uzi wote.

JIHADHARINI

Msichome ganda la plastiki ili kupata shaba. Moshi wake una sumu, na watoto ndio wanaoumia kwanza. Vaeni miwani mnapovuta na kukata waya, kwa sababu kipande kidogo kinaweza kuruka jichoni. Osheni mikono kabla ya kula. Wanaokata malakiti wailoweshe maji muda wote na kufunika pua, kwa kuwa vumbi la jiwe hilo lina shaba na linadhuru mapafu. Shaba inaweza kuacha alama ya kijani kwenye ngozi. Si ugonjwa, inatokea shaba inapokutana na jasho. Hata hivyo, ndoano inayoingia ndani ya sikio isiwe ya shaba. Tumieni fedha halisi au chuma kisichoshika kutu.

KAMA MNA WAYA WA FEDHA

Baadhi ya wasomaji wetu wako pwani, Lamu au Zanzibar, ambako kazi ya masonara wa fedha ni ya tangu zamani. Hatua ni zilezile, na hesabu ni ileile. Fedha ya mapambo yenyewe kwa kawaida ina sehemu 925 za fedha katika 1,000, na zilizobaki mara nyingi ni shaba. Tofauti iko katika thamani. Tumieni msumeno, si koleo ya kukatia, na tandikeni kitambaa chini ili unga wote ukusanywe na kuyeyushwa tena. Kwa mkufu wa thamani, fungeni mwanya kwa lehemu ya fedha. Tunawashauri wanaoanza wajifunze kwanza kwa shaba, maana kipete cha shaba kilichoharibika hakimlizi mtu.

DAFTARI NA ZAMU

Ufundi peke yake hautoshi. Kikundi kinaweza kuwa na vipete bora na bado kikavunjika. Sisi tunatumia taratibu tatu.

Ya kwanza ni kazi ya wawili wawili. Mmoja anafunga, mwenzake anajaribu, na kesho wanabadilishana. Kila wiki wenza wanabadilishwa, ili mtu asikae siku zote na wa lugha ya nyumbani kwake. Anayejaribu anaweka alama yake kwenye karatasi ya kazi. Mkufu ukirudi, tunajua ni hatua gani ilikosewa, na wote wawili wanaitengeneza pamoja. Hatuulizi tena "ni nani?" kabla ya kuuliza "ni nini?"

Ya pili ni daftari wazi. Upande wa kushoto tunaandika waya ulioingia: urefu au uzito, bei na mahali ulipotoka. Upande wa kulia tunaandika nyuzi za vipete 100 zilizotoka. Kwa kuwa mita moja ya waya wa milimita 1 inapaswa kutoa kama vipete 60, mita 10 zikitoa vipete 400 tu kila mtu anaona kwamba kuna tatizo. Huenda wanaojifunza wameharibu, na hilo si kosa. Huenda waya umepotea, na hilo linazungumzwa siku ileile, kabla halijawa uvumi. Asiyejua kusoma anasomewa daftari kwa sauti kila Jumamosi.

Ya tatu ni malipo ya hatua. Zamani aliyesugua jiwe alilipwa vizuri na aliyefunga vipete alionekana kama msaidizi. Sasa kuzungusha, kukata, kufunga na kujaribu vina malipo yake yanayojulikana, yaliyoandikwa ukutani. Wazee wenye macho dhaifu wanazungusha springi. Vijana wanakata. Hata mama mwenye mtoto mchanga anaweza kutunga nyuzi za vipete 100 akiwa nyumbani.

Hatusemi kwamba vipete vimeponya majeraha ya 1992. Wapo ambao hawajazungumza juu ya siku zile mpaka leo, na hatuwalazimishi. Lakini mikufu bado hurudi mara mojamoja, na tangu tulipoanza kupima kazi yetu, hakuna aliyeondoka na kitenge chake mkononi. Yule mama ndiye anayefundisha wageni majaribio ya uzi na chupa. Ni mkali. Kipete chenye mwanya anakirudisha kwa mwenyewe bila kujali ni ndugu yake au la, na watu wamezoea.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kazi yetu, ni kitu gani tunakinunua bila kujua kimetengenezwa namna gani? Je, tunaweza kukitengeneza wenyewe?
2. Mara ya mwisho kazi yetu ilipoharibika, tulimtafuta nani kwanza, mtu au sababu?
3. Malighafi yetu inatoka wapi? Je, kuna jirani anayeumia ili sisi tuipate kwa bei ndogo?
4. Ni nani katika kikundi hawezi kusoma daftari letu, na tumefanya nini ili naye aelewe?
5. Wenza wa kazi wanachaguliwa namna gani? Je, watu wa asili moja hukaa pamoja siku zote?

Jaribuni kuanza na mita moja ya waya na msumari mmoja. Mkipata vipete 60 vilivyofungwa bila mwanya, mmeanza vizuri.